Malindi inaweza, lakini tuulizeni mwezi na maji

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi, Mheshimiwa Waziri wa Michezo, na wakuu wa mashirikisho ya michezo nchini Kenya,

Waheshimiwa, salamu kutoka Malindi.

Kila yanapozungumzwa mashindano makubwa ya kimataifa ambayo Kenya ingeweza kuyaandaa, Pwani hutajwa mwisho, tena hutajwa ili ikataliwe. Sababu ni ile ile: joto. Nimeisikia mikutanoni, nimeisikia redioni, na mwaka jana niliisikia kwa mtoto wa miaka 12 ninayemfunza mpira mchangani. "Huku kuna moto, kocha. Wageni hawawezi kucheza huku." Mtoto huyo hucheza peku pale ufuo wa Buntwani kila jioni, na tayari ameshaamini kwamba kwao hakufai.

Ni neno lake lililonikalisha kuandika. Mimi ni mkufunzi wa soka ya ufukweni, kazi niliyoifanya miaka 13 sasa, na naamini Malindi inaweza kuandaa mashindano ya Afrika nzima ya michezo ya mchangani na baharini, na ikayaandaa vizuri. Lakini nitaanza na joto lenyewe, maana nikilipita kimya mtasema nalificha.

Machi 24, 2007 nilikuwa Mombasa. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika siku hiyo kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, na sisi vijana sita wa Malindi tuliondoka na matatu ya alfajiri ili tupate nafasi karibu na kamba. Tulikwenda kumuona Kenenisa Bekele. Muethiopia huyo alikuwa ameshinda mbio ndefu na mbio fupi miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006, na kila Mkenya alitaka kuiona siku atakayoshindwa. Tuliiona. Alitoka njiani kabla ya kumaliza, umati ukalipuka kwa shangwe, na mimi nikashangilia mpaka sauti ikanikauka. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu, Moses Mosop na Bernard Kipyego wetu wakamfuata.

Ninachokikumbuka zaidi ni mkimbiaji mmoja, sikujua wa nchi gani, aliyesogea mpaka kwenye kamba tuliyoishika akiyumba, macho yako wazi lakini haoni. Mkono wake uligusa wangu. Ulikuwa umelowa chapachapa na una moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Wasaidizi wawili wakambeba. Hakuwa peke yake, wengi waliacha mbio siku ile. Nilirudi nyumbani na aibu ya zile shangwe, na swali ambalo sijalitua mpaka leo: kwa nini Machi?

Jibu ni kwamba mbio za nyika za dunia zilikuwa na desturi ya kufanyika Machi, baridi ya Ulaya inapomalizika, na kalenda ile ikaletwa Pwani kama ilivyo. Hakuna mvuvi wa hapa ambaye angeuchagua mwezi huo. Machi kaskazi imechoka, masika haijafika, upepo umelala, na kuna vukuto la kumlowesha mtu aliyekaa kivulini. Mchana hufika nyuzi 31 au 32. Iko miji mingi duniani yenye joto kupita hilo, lakini kwetu balaa ni unyevu. Mwili hupoa jasho linapokauka. Hewa ikishajaa maji, jasho linatoka tu na kubaki ngozini, joto linabaki ndani, na mtu anayekimbia anazidi kuchemka kila hatua.

Njooni Agosti au Septemba. Kusi inavuma kutoka baharini, mchana ni nyuzi 27 au 28, na usiku watu wa hapa hujifunika. Kwenye karatasi tofauti ya nyuzi tatu au nne yaonekana ndogo. Ikiongezwa upepo unaokausha jasho, ndiyo inayoamua kama mchezaji atamaliza mechi au atabebwa.

Ushahidi hauko mbali. Agosti 2025 michuano ya CHAN, kombe la Afrika la wanasoka wanaocheza ligi za nchi zao, ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ulifungua mashindano, na Amaan kule Zanzibar ukapokea kundi lenye Senegal, Nigeria, Sudan na Congo. Dar na Unguja zina bahari hii hii yetu na upepo huu huu. Walicheza msimu wa kipupwe, jua limeshapoa, na mashindano yakaenda mpaka mwisho. Upande wa Kenya mechi zote zilichezwa Nairobi.

Nchi tajiri nazo zimejifunza kwa maumivu. Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake iliwekwa karibu saa sita ya usiku ili kulikwepa jua. Walianza 68, wakamaliza 40, na aliyeshinda ni Ruth Chepngetich wa kwetu. Jua halikuwepo, lakini unyevu haulali. Wajapani waliihamisha marathoni ya Olimpiki kutoka Tokyo hadi Sapporo, na hata huko, mwaka 2021, mbio za wanawake zikatangulizwa saa nzima, zianze saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo siombi marathoni ya dunia Malindi. Siombi mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027, wala uwanja wa watu elfu thelathini ambao baada ya wiki tatu utabaki wa kunguru na mbuzi. Tumeshaona viwanja vilivyozungushiwa mabati mwaka baada ya mwaka, vijana wakiwa hawana hata ule mchanga wa zamani waliokuwa wakichezea.

Naomba kinachotufaa. Juni 2019 kisiwa cha Sal, Cape Verde, kiliandaa Michezo ya Ufukweni ya Afrika, ya kwanza kabisa: soka na voliboli ya mchangani, kuogelea baharini, kaiti (ubao unaovutwa na tiara juu ya maji) na mingineyo. Sal ni kisiwa cha mchanga, upepo na hoteli za watalii, na watu wake hawafiki nusu ya wakazi wa mji wetu. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Hammamet, Tunisia. Mei 2025 Ushelisheli wakaandaa Kombe la Dunia la soka ya ufukweni, la kwanza barani Afrika, na Brazil wakaondoka nalo. Ushelisheli nzima, visiwa vyote kwa pamoja, ina watu wanaokaribiana na wa mji wa Malindi peke yake. Nayo Olimpiki ya Vijana ya Dakar iliposogezwa hadi 2026, tarehe ziliwekwa Oktoba 31 hadi Novemba 13, mvua za kule zikiwa zimepita, na sehemu ya michezo ikapangiwa Saly, mji wa pwani wa hoteli kama huu wetu.

Tazameni pia mchezo wenyewe ulivyo. Uwanja wa soka ya ufukweni hauzidi mita 37 kwa 28. Wachezaji ni watano kila upande, wanacheza vipindi vitatu vya dakika 12, na kubadilisha mchezaji hakuna kikomo. Ni mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya mahali penye jua. Unahitaji mchanga laini wenye kina cha sentimita 40 hivi, na mchanga huo sisi hatuununui.

Kenya nayo si mgeni katika michezo hii. Gaudencia Makokha na Brackcides Agala waliipeperusha bendera yetu katika voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki ya Tokyo. Hata kaunti hii imeshapokea wageni wa kiwango hicho: Desemba 2019 wachezaji wa gofu wa ziara ya wanawake ya Ulaya walicheza Vipingo, wakarudi tena 2022, 2023 na 2024.

Sasa naomba mnivumilie kwenye jambo ambalo sijaona likiandikwa katika mpango wowote, nalo ni maji.

Mara yangu ya kwanza kuandaa mashindano ya wadi, nilitangaza fainali Jumamosi saa kumi alasiri. Nilikuwa nimeazima spika, nimeomba refa kutoka Watamu, nimepaka chokaa mistari. Milingoti ya goli ilikuwa boriti za mkoko, nyavu zilikuwa jarife kuukuu alilotupa mvuvi mmoja jirani yangu, mzee ambaye ufuo mzima tunamwita Babu. Saa tisa na nusu wimbi la kwanza lilifuta mstari wa kona. Saa kumi kasoro goli la upande wa bahari lilikuwa limesimama ndani ya maji ya magotini, na wale watoto wa timu ya Maweni wakiwa wameshavaa jezi walikaa juu ya ukuta wakinitazama mimi. Babu alikuja polepole, akasimama kando yangu.

"Kocha, habari za mwezi ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza yeyote. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Babu alinichorea mchangani kwa fimbo, na mpaka leo ndiyo kalenda yangu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hujaa karibu na saa kumi na hukupwa karibu na saa nne. Maana yake ni kwamba ufuo unakuwa mpana wakati jua linachoma, na jua likipoa ufuo haupo. Ukifika siku ya saba, ya nane, au ya ishirini na mbili tangu mwezi uandame, ni maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali wala haiji mbali, na maji yanakupwa alasiri, wakati ule ule watu wanapotaka kucheza. Tangu siku ile sijapoteza hata mechi moja kwa maji.

Shirikisho lililoko mbali litaletewa tarehe na kamati iliyoko mbali zaidi, na tarehe hiyo yaweza kuangukia bamvua bila mtu kujua, mpaka majukwaa yameshajengwa. Ndiyo maana nasema mtuulize. Kama ningeulizwa mimi, ningesema hivi: kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, wakati wa demani, kusi inapoisha nguvu, katika juma la maji mafu. Agosti ni baridi zaidi, lakini Agosti kusi ina nguvu na mwani hutupwa ufuoni chungu kwa chungu, mpaka kazi ya kuuzoa inakuwa mashindano ya pili. Kufikia demani mwani umepungua na upepo umetulia kiasi cha mpira wa voliboli kwenda unakopigwa. Matope ya mto Sabaki nayo bado yanasukumwa kaskazini, upande wa Mambrui. Kaskazi ikianza, yale maji mekundu yanarudi kwenye ghuba yetu, na waogeleaji hawatayapenda. Wenye kaiti wao wanataka upepo, na hao wanazijua siku zao kule Watamu na Mambrui kuliko sisi sote. Wapeni juma lao peke yao.

Kuna faida nyingine. Wageni wetu wa Kitaliano hujaa Agosti, kisha Desemba mpaka Machi. Septemba na Oktoba vyumba vingi vinabaki wazi, wapishi na wahudumu wamerudishwa makwao bila mshahara. Mashindano ya wakati huo hayamnyang'anyi mtalii kitanda, na yanamrudisha kazini mama anayefua shuka.

Saa nazo zipangwe. Michezo ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, isimame saa tatu, irudi saa kumi alasiri. Katikati hapo watu wakae kivulini. Taa za usiku zisimamiwe na wanaowalinda kasa, kwa sababu vifaranga wa kasa hufuata mwanga, na taa kali ufuoni huwapeleka barabarani badala ya baharini. Kwa sababu hiyo hiyo viwanja viwe mjini, upande wa Buntwani, vikae mbali na hifadhi ya bahari.

La tiba naliandika kwa uchungu. Miaka miwili iliyopita, kwenye mashindano ya vijana yaliyopangwa saa sita mchana mwezi wa Februari na watu ambao sitawataja, kijana wangu wa ulinzi alianguka. Ngozi ilikuwa moto, maneno yake hayakushikana, akawa ananiita kwa jina la marehemu baba yake. Hapakuwa na daktari wala ambulansi. Tulimmwagia chupa mbili za maji, tukamtia kwenye tuktuk, tukakimbia naye. Alipona, alhamdulillahi. Aliyempokea aliniambia kitu ambacho kila mwandaaji angepaswa kukijua: mtu aliyezidiwa na joto hupozwa kwanza, pale pale alipoanguka, ndipo asafirishwe. Angetakiwa kutumbukizwa kwenye beseni la maji ya barafu dakika zile zile.

Waheshimiwa, barafu ilikuwepo. Ilikuwa kama mita mia mbili kutoka tulipokuwa, kwenye makasha ya wavuvi, imeletwa alfajiri kwa ajili ya nguru na jodari. Hakuna aliyeikumbuka, mimi nikiwa wa kwanza. Tangu siku ile kila mashindano yangu yana pipa la plastiki lililokatwa kwa urefu na gunia mbili za barafu ya samaki chini ya kivuli. Gharama yake haifiki bei ya seti moja ya jezi.

Vingine vinavyotakiwa ni vya kawaida, na ni vya kutumiwa na wakazi hata wageni wasipokuja kamwe. Mabanda ya makuti na mivinje mipya ya kivuli kando ya ufuo. Maji ya bomba yanayotoka kila siku, kwa kuwa mnajua mifereji yetu hukauka majuma mazima na mitungi hupanda bei. Vyoo safi. Chumba cha dharura chenye watu waliofunzwa mambo ya joto. Uwanja wetu wa ndege una njia fupi, na habari za upanuzi na fidia za ardhi tumezisikia miaka mingi. Mashindano yasisubiri hilo. Timu zinaweza kushukia Mombasa na kuja kwa basi, kilomita 120 hivi, mradi barabara isiwe na foleni ya Mtwapa siku hiyo.

Kuna jambo moja ambalo mkilikosea nitakuwa wa kwanza kuyapinga mashindano haya niliyoyaomba. Ufuo ni wa watu. Zile njia za miguu za kushukia baharini zimeendelea kupungua, hapa ukuta, pale lango lenye askari. Kama mashindano yatakuja na uzio ambao hautang'olewa, basi yasije. Kama yatasimamisha mashua kwa siku kumi, wavuvi walipwe siku hizo, na walipwe kabla. Na kazi za mashindano, kuanzia refa wa akiba na mkalimani mpaka mpangaji wa viti, wapewe kwanza vijana wa wadi hizi. Wengi wao wamejifunza Kitaliano ufuoni bila kukaa darasani, na wanaweza kupokea ujumbe wa nchi yoyote.

Tuanze kidogo. Kabla hatujaandika ombi lolote la bara, kaunti na mashirikisho waandae hapa mashindano ya Afrika Mashariki ya soka na voliboli ya ufukweni, siku nne tu, ndani ya demani ijayo. Waalikeni wenzetu wa Zanzibar, Dar na Ushelisheli. Pimeni joto na unyevu kila saa, andikeni, na matokeo yawekwe hadharani. Yakionyesha kwamba hatufai, nitanyamaza. Yakionyesha tunafaa, ombi liandikwe kwa takwimu zetu wenyewe. Kwenye kamati ya tarehe pawe na kiti cha vikundi vya usimamizi wa fukwe, akae mtu anayejua bamvua na maji mafu bila kufungua simu.

Ningependa jibu la maandishi, lakini zaidi ningependa mje. Chagueni jioni yoyote ya mwezi saba au mwezi nane, kwa hesabu ya mwezi wa kuandama. Maji yatakuwa yamekupwa, vijana wataanza saa kumi pale Buntwani, na Babu hukaa chini ya mvinje wa pili kutoka kwenye gati. Viatu mtaviacha kwake.

Wenu mtiifu,
Mkufunzi wa soka ya ufukweni, Malindi